Matembezi ya Siku Moja kwa Fedha Kidogo

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine huliona dogo, nalo ni matembezi: siku moja ya mapumziko ambayo marafiki watano au sita huondoka mjini asubuhi, wakaona jambo, wakala pamoja, wakarudi kabla jua halijachwa. Nitausema mji wa Bariadi na nchi iliyouzunguka, kwa sababu ndiyo niijuayo. Msikilizaji wa Maswa, au wa Magu, au wa mji mwingine mdogo wo wote, ataweza kuyapima maneno haya kwa kipimo cha mahali pake.

Bariadi si mji mkubwa. Zamani ulikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Vijana wengi wamehamia hapa kwa ajili ya kazi na masomo: makarani, walimu, wauguzi, mafundi cherehani, waendesha bodaboda. Siku sita hufanya kazi, na siku ya saba hawajui waende wapi. Husema, "Hapa hapana pa kwenda." Basi huketi vilabuni mchana kutwa, na jioni fedha zimekwisha wala hawakuona kitu.

Walakini liko jambo baya kuliko fedha kupotea. Katika kila kundi la marafiki yuko mmoja aliye na kidogo kuliko wenziwe. Ikitangazwa safari ya gharama, huyo hasemi, "Sina." Husema, "Siku hiyo nina kazi," au, "Mtoto anaumwa." Mara ya kwanza wenziwe humsadiki, mara ya pili hunung'unika, mara ya tatu hawamwiti tena. Hivyo urafiki wa tangu darasa la kwanza hufa pasipo ugomvi, wala hakuna ajuaye siku uliokufa. Nimeliona jambo hili miongoni mwa wanachuo wangu miaka mingi, na ndiyo sababu nalitia hesabu mbele ya mandhari.

Hesabu yenyewe ni hii. Juma moja kabla ya safari, kila mtu na aandike katika kipande cha karatasi kiasi awezacho kutoa, pasipo kuandika jina lake, akakikunja na kumpa mmoja aliyechaguliwa kuweka fedha. Mweka fedha huvifungua peke yake. Kiasi kilicho kidogo kuliko vyote ndicho mchango wa kila mtu. Tuseme watu ni sita, na karatasi moja inasema shilingi 3,000, nyingine 5,000, nyingine 10,000. Basi mchango ni 3,000, na jumla ni 18,000. Safari itafutwe inayotosha katika 18,000. Aliye na zaidi asitoe zaidi mbele ya watu. Akitaka kuwatendea wema, na alete karanga kutoka nyumbani, au amwazime mwenziwe baiskeli. Wako watakaosema kwamba hesabu hii inawapunguzia furaha wenye nacho. Mimi naona inawapunguzia majivuno tu.

Sasa pima umbali. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, penye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni kama kilometa 72 za lami. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni kama kilometa 50. Mwezi wa Desemba 2023 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, ilipanga nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kila kilometa. Kwa kipimo hicho kwenda Lamadi ni kama shilingi 3,500, na kwenda na kurudi ni 7,000. Nauli hubadilika, kwa hiyo uliza stendini kabla ya kuchangisha. Lakini waona mara moja kwamba wale sita wenye 18,000 hawawezi kwenda Lamadi kwa basi juma hili. Wana njia mbili: kuweka akiba majuma matatu, au kwenda kwa miguu na baiskeli mahali palipo karibu. Nitaanza na palipo karibu.

Nchi ya Usukuma ni nchi ya baiskeli. Ni tambarare, njia zake ni nyingi, na karibu kila nyumba ina baiskeli ya kubebea maji, mkaa, au mtoto wa shule. Watu sita wakiwa na baiskeli tatu waweza kwenda mbali kuliko wanavyodhani, wakibebana kwa zamu. Njia ya kuelekea Nyakabindi ni nzuri kwa wanaoanza. Huko ndiko viliko viwanja vya Nane Nane, ambapo maonyesho ya wakulima ya taifa zima yalifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020. Hata katika siku zisizo za maonyesho, njiani utaona miamba ya matale iliyopandana kama magunia ghalani. Panda juu ya mmoja ulio mpana usio na utelezi, utazame nchi: mashamba ya pamba, mtama na dengu, nyumba zilizozungushiwa minyaa, na vumbi la ng'ombe waendao kunywa.

Neno moja juu ya majira. Matembezi ya baiskeli ni ya kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hata Septemba au Oktoba. Udongo mweusi wa mbuga ukipata maji huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Wakati wa masika hushika gurudumu, ukajaa katikati ya tairi na madigadi, hata gurudumu lisizunguke. Mtu hulazimika kuibeba baiskeli badala ya kubebwa nayo. Na mito yetu mingi ni ya mchanga. Mchana waiona mikavu, watoto wanafukua visima vidogo humo. Mvua ikinyesha mbali, huko usikokuona, maji hushuka kwa ghafula na kuijaza. Ukikuta mto umejaa, ngojea ng'ambo hiyo hiyo uliyopo. Usivuke kwa kuwa mwenzako amevuka.

Mahali ninapopapenda kuliko pote karibu na mji ni penye ngitili. Wageni hawalijui neno hili, na hata baadhi ya vijana wa mjini wamelisahau. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zianzapo, ng'ombe wasiingie, majani yakue. Kisha huifungua katikati ya kiangazi, malisho mengine yakiwa yamekwisha. Desturi hii karibu ipotee. Katika nyakati za ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye miti ikakatwa tena ili kupata mashamba ya pamba na tumbaku, na kuni. Nchi ikabaki uchi, watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wakati huo wilaya za Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni watu waligawiwa miche ya miti ya kigeni, nao hawakuipenda sana. Ndipo wataalamu walipowasikiliza wazee, wakairudia ngitili. Inasemwa kwamba mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta kama 600 tu, na kazi hiyo ilipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimefika zaidi ya 300,000. Sikumbuki habari nyingine ya siku zetu inayoonyesha vizuri kama hii faida ya kumwuliza mwenyeji.

Ndani ya ngitili utaona migunga, mikwaju, na ndege wengi. Mtu mmoja aliyelelewa kijijini akiwamo kundini, atawaonyesha wenziwe dawa, matunda na miti ya kutengenezea mipini, na hatalipwa cho chote ila heshima. Lakini kumbuka: ngitili ina mwenyewe. Yaweza kuwa ya ukoo mmoja au ya kijiji kizima. Kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, mseme mmetoka wapi na mtarudi saa ngapi. Kundi la vijana wasiojulikana, wapitao porini wakiwa na mikoba, huwatia watu wasiwasi, na sungusungu hawana desturi ya kuchelewa. Mkikutana na mzee, ninyi ndio mwanze kuamkia. Asubuhi ni "Mwangaluka", na alasiri ni "Mwadila". Mzee mwanamke huitwa "mayu". Maneno haya matatu hufungua milango mingi kuliko fedha. Msiwashe moto, msikate hata kijiti, msiache mfuko wa nailoni, maana ng'ombe akiula hufa.

Wale wakaao upande wa mashariki, kuelekea Itilima na Meatu, karibu na mipaka ya Pori la Akiba la Maswa na Serengeti, wana shauri jingine la kushika. Huko tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani, wala si mara moja kwa mwaka. Msitembee porini pasipo mwenyeji, na msitembee kabisa jua likikaribia kuchwa.

Chakula cha siku kisiwe cha kununuliwa njiani. Mkoa huu umebarikiwa kwa chakula cha safari ambacho babu zetu walikitumia kabla hapajakuwa na biskuti. Viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani: hayo ni michembe. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikatwe na kuanikwa, huwa matobolwa, nayo huliwa vivi hivi, pamoja na karanga zilizokaangwa. Hayaozi, hayamwagiki, na sado moja yatosha watu sita hata wakiwa na njaa ya baiskeli. Ongeza maziwa ya mgando katika kidumu na maji safi ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu. Vijana wengine huona haya kula matobolwa mbele ya watu, eti ni chakula cha njaa. Na wale basi biskuti za vumbi, wenzao wakishiba!

Mkipumzika kivulini, chezeni isolo, yaani bao la Kisukuma. Halihitaji ubao. Fukueni vishimo katika udongo, okoteni kokoto au mbegu, mchezo umeanza. Mzee wa jirani akipita hawezi kujizuia. Atasimama, atacheka namna mnavyocheza, kisha ataketi awafunge wote.

Kiangazi hicho hicho ndicho majira ya ngoma, kwa kuwa mavuno yamekwisha na watu wana nafasi. Ngoma za Usukuma si za kucheza tu, ni mashindano. Pande mbili, Bagika na Bagalu, zilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Hata leo wachezaji wengi ni wa upande mmoja au wa pili. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji hukimbilia lile linalowapendeza. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo wewe mtazamaji si mgeni tu, wewe ni kura. Utaona bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotokana na kulima kwa kushirikiana. Utaona Bayeye na nyoka wao, ambao nakushauri uwatazame kwa mbali. Aghalabu ngoma za vijijini hazina kiingilio. Uliza sokoni zinachezwa wapi juma hili. Wauza dagaa na wachunga ng'ombe hujua kabla ya watu wa ofisini.

Mnada wa ng'ombe pia ni matembezi mazuri, kila mahali na siku yake. Nenda asubuhi, utazame namna mnunuzi amtazamavyo ng'ombe meno na mgongo. Usishike fedha nyingi mfukoni. Na msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei au Juni, kundi likiandika barua ya adabu kwa meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba laweza kupewa ruhusa ya kuingia. Humo mtaona kwamba katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kilo thelathini na kitu tu. Zilizobaki karibu zote ni mbegu, ziendazo kukamuliwa mafuta. Mkulima wengi huuza pamba maisha yao yote pasipo kuliona jambo hili kwa macho.

Sasa tufike ziwani, maana wale sita wameweka akiba majuma matatu na nauli imepatikana.

Lamadi iko katika Wilaya ya Busega, kando ya Ghuba ya Speke, ambayo ni mkono wa Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na kina chake kikubwa ni kama meta 80 tu, kwa hiyo ni pana kama nchi lakini si refu kwenda chini. Mto wetu wa Simiyu huingia katika ghuba hiyo. Mwaka 1875 Henry Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua, aliudhani mto huu kuwa ndio chanzo cha mbali cha Nile upande wa kusini. Baadaye ilijulikana kwamba Kagera, uingiao upande wa magharibi, ndio mkubwa kuliko mito yote iliingiayo ziwa. Hata hivyo, maji yanayopita chini ya madaraja yetu wakati wa masika yamo katika safari ya kwenda Jinja, na Khartoum, na Misri. Mwalimu aliye na darasa la jiografia asiache kulisema jambo hili akiwa amesimama ufukweni.

Nendeni na basi la alfajiri, mkawahi wavuvi wakirudi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwavuta, nao wakikusanyika huzungushiwa wavu. Mwezi mpevu ukiwaka taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku hizo. Tazama kalenda kabla ya kupanga safari. Ukienda giza la mwezi utaona mchanga wote umetandazwa dagaa kama fedha iliyomwagwa. Utaona pia sato, na sangara ambaye si mwenyeji: aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akala furu wengi hata aina nyingi zikatoweka, kisha akawa biashara kubwa ya kuuzwa Ulaya. Waulize wavuvi wazee wanamwonaje. Watagawanyika mbele yako. Juu ya mawe utaona mnandi akikausha mabawa, na mdiria akining'inia hewani kabla ya kupiga mbizi, na kongoti akitembea miongoni mwa watu kama mkusanya kodi.

Lakini msiingie majini. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila kundi la vijana likifika ufukweni, na jua likiwa kali, yuko mmoja avuaye viatu kwanza. Si mamba na viboko tu. Katika maji yaliyotulia penye mafunjo na magugu wamo konokono wadogo, na ndani ya konokono hukua vijidudu vya kichocho. Hutoka wakati wa mchana, huogelea, na huipenya ngozi ya mtu katika dakika chache, wala yeye hasikii maumivu. Kichocho cha pwani ya ziwa aghalabu hushika matumbo na ini. Kile cha malambo na madimbwi ya bara hushika kibofu, na mtu hukojoa damu. Katika sehemu nyingine za Usukuma wavulana waliidhania damu hiyo kuwa dalili ya kukua tu. Sivyo. Ni ugonjwa, na dawa yake, prazikwanteli, hutolewa hospitali. Aliyeingia majini na asikae nyumbani akiona haya, aende akapimwe.

Mkiwa Lamadi mtasikia watu wakisema juu ya lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, ulio papo hapo kando ya barabara kuu ya Musoma. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni, lakini motokaa ni gharama, na hairuhusiwi kuingia kwa miguu. Kundi la watu sita lisijaribu; shule au chama cha watu thelathini, wakikodi basi moja, gharama huwa ya kubebeka. Wakati mzuri ni Mei hata Julai, ambapo makundi ya nyumbu hupita upande huu wa magharibi, karibu na mto Grumeti.

Na wenye kuweza kwenda mbali zaidi, waondoke usiku ungalipo, wafike Bujora, karibu na Kisesa, njia ya kuingia Mwanza. Hapo ipo makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mtu wa Kanada. Humo zimo ngoma za watemi, na nyumba moja iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu hukutana hapo, na uwanja hujaa.

Jambo la mwisho ni kurudi. Ulizeni basi la mwisho linapita saa ngapi mkiwa bado asubuhi, wala si jioni. Mweka fedha na awe na daftari: nauli kiasi fulani, maji kiasi fulani, sato mmoja wa kuchoma kiasi fulani. Kabla ya kushuka stendini asome daftari mbele ya wote, na kilichobaki akigawe sawasawa papo hapo, hata kikiwa ni shilingi 200 kwa kila mtu. Au wote wakikubali, kiwekwe kwa ajili ya safari ya mwezi ujao, na siku yake itajwe kabla watu hawajatawanyika.